Picha ya Harusi ya Bibi: Mwongozo wa Kuyasoma Maisha ya Mtu Katika Picha za Zamani za Familia

Wasifu wa marehemu huandikwa usiku, mkekani, na yule mwenye mwandiko mzuri, huku watu wamemzunguka wanabishana. Huyu anasema marehemu alizaliwa 1936, yule anasema 1938. Huyu anasema aliolewa Tanga, yule anaapa kwamba ilikuwa Pangani. Kukipambazuka zimebaki sentensi tano: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto saba, aliugua kwa muda mrefu. Kwa Waislamu maziko hayasubiri, kwa hiyo ubishi huo huhamia kwenye hitima au arobaini, lakini ni ule ule. Na muda wote huo, chini ya kitanda cha marehemu lipo sanduku la bati lenye picha ambazo zingeumaliza ubishi nusu yake.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kulifungua sanduku hilo na kutoka na kitu cha maana. Nimeziwaza zaidi familia za pwani, za Unguja, Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Wa bara atabadilisha machache tu.

Anza na picha moja

Usilimwage sanduku zima sakafuni. Utachoka siku ya kwanza, na ya pili hutarudi. Chukua picha moja, na kama ipo, iwe ya harusi.

Ninaichagua ya harusi kwa sababu siku hiyo ukoo hukusanyika, huvaa kilicho bora, na hupangwa kwa heshima: nani ameketi, nani amesimama, nani yuko karibu na bi harusi. Hata familia isiyokuwa na uwezo ilijikamua ikamlipa mpiga picha. Ukishawajua watu wote waliomo humo, umepata orodha ya ukoo kama ulivyokuwa mwaka ule, na kutoka hapo unaweza kwenda nyuma utotoni mwa bibi au mbele hadi uzeeni mwake.

Mzee kwanza, skana baadaye

Wengi hukimbilia kuskani. Picha imekaa miaka 60, itaweza kukaa mwezi mwingine. Mdogo wake bibi, aliye hai na bado ana kumbukumbu zake, huenda asikae. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwaandika wazee waliobaki na kuwaendea, ukianza na mkubwa kuliko wote.

Usimpelekee picha kwenye simu. Macho ya wazee wengi yana mtoto wa jicho, kioo cha simu kinang'aa, na akikigusa picha inatoweka. Ipige picha ile picha, ichapishe kwenye karatasi ya A4 pale steshenari, umkabidhi mkononi. Halafu nyamaza. Swali la "huyu nani, na huyu nani" lina sura ya polisi, na mtu hulijibu kipolisi. Afadhali uulize kuhusu vitu: kiti hiki kilikuwa cha nani, hizi bangili zilikwenda wapi, nani alimsuka. Vitu huwavuta watu nyuma yao. Omba ruhusa, washa kinasa sauti cha simu, kiweke kando.

Mazungumzo yakienda vizuri huwa hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Lete hiyo. Ala! Mmeipata wapi?"

"Kwenye sanduku la marehemu. Huyu aliyesimama nyuma yake ni nani?"

"Somo yake huyo. Ndiye aliyemfunda."

"Na huyu mtoto aliyenuna?"

"Mimi huyo. Viatu vya kuazima, vinanibana. Na harusi yenyewe ilikuwa imeshakwisha, hii tulikwenda piga Ijumaa, fungate imemalizika."

Sentensi hiyo ya mwisho ni ya kuandikwa mara moja. Picha nyingi tunazoziita za harusi hazikupigwa siku ya harusi. Kamera ilikuwa studio, si nyumbani. Maharusi walikwenda baadaye, wamevaa tena zile nguo, au nguo nyingine kabisa. Ukiichukua tarehe iliyoko nyuma ya picha kama tarehe ya ndoa, umeshakosea kwa siku kadhaa, na kuna familia ambazo tofauti hiyo ni ya miezi.

Wazee wawili kwa pamoja ni wazuri kuliko mmoja, maana watabishana, na kila mmoja atatoa ushahidi. Ila mambo ya talaka, mke wa pili, au mtoto aliyepatikana kabla ya ndoa yanaulizwa faragha, na mzee akigeuza mazungumzo, nawe geuka naye.

Geuza picha uangalie mgongo

Kabla ya sura za watu, soma nyuma. Tafuta muhuri wa studio, namba ya penseli, maandishi ya mkono, chapa ya karatasi.

Muhuri unakupa mji na mara nyingi mtaa. Zanzibar, Capital Art Studio ilianzishwa 1930 na Ranchhod Oza, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Kabla yake akina Gomes walikuwa wameshapiga picha Mji Mkongwe tangu karne ya 19. Mombasa, studio ya N. V. Parekh ilipendwa na maharusi kuanzia miaka ya 1940. Namba ya penseli kwa kawaida ni ya negativu, ile filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwayo, katika daftari la studio. Ukiwa na picha mbili za studio moja, yenye namba ndogo huwa ndiyo ya kwanza kupigwa, na hapo unaweza kuzipanga hata kama hazina tarehe.

Jina la mtaa nalo linasema. Dar es Salaam, Acacia Avenue iligeuka Independence Avenue baada ya uhuru, kisha Samora Avenue. Mombasa, Kilindini Road ndiyo Moi Avenue ya leo, na Salim Road ndiyo Digo Road. Muhuri wenye jina la zamani unakudokezea kwamba picha ni ya kabla jina halijabadilishwa.

Karatasi yenyewe: kingo zilizokatwa kwa mawimbi zilipendwa sana kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 na kitu. Mgongo uliochapwa "Post Card" maana yake picha ilisafishwa kwenye karatasi ya kadi ili iweze kutumwa. Karatasi laini yenye ngozi ya plastiki, isiyojikunja, ni ya miaka ya 1970 kuja huku. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu-nyekundu huwa ni ya miaka ya 1960 au 1970, kwa sababu rangi nyingine za karatasi za wakati huo zilififia haraka. Usiichanganye na picha nyeusi na nyeupe iliyopakwa rangi kwa brashi. Hiyo midomo na mashavu yana rangi, lakini kivuli cha ukutani ni cha kijivu.

Maandishi ya mkono yanaweza kuwa ya herufi za Kiarabu, hata kama maneno ni ya Kiswahili. Mtafute mtu wa kukusomea. Tarehe ikiwa ya Hijria usijumlishe 622 tu ukaridhika, kwa sababu mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi. Zidisha mwaka kwa 0.97 ndipo uongeze 622. Mwaka 1382, kwa mfano, ulianza Juni 1962 ukaisha Mei 1963. Na mzee akikuambia harusi ilikuwa "mfungo sita", anakusudia mwezi wa Maulidi; "mlisho" ni Shaaban, mwezi uliojaa harusi kwa sababu baada yake ni Ramadhani.

Sasa soma mbele, kuanzia pembeni

Jicho humkimbilia bi harusi. Lizuie. Anza na pembe za picha, kisha sakafu, kisha pazia la nyuma, ndipo uingie kwa watu.

Pazia la studio lililochorwa ngazi, bustani au bahari lilikaa miaka mingi mahali pamoja. Ukilikuta pazia lile lile kwenye picha ya familia nyingine yenye tarehe, umepata kipimo. Lakini usimhesabie mtu kila kilichomo. Studio nyingi ziliweka koti, tai, saa, redio na hata simu ya mezani kwa ajili ya wateja. Babu aliyeshika simu sikioni huenda hakuwahi kuwa na simu maisha yake yote.

Angalia vifungo na maandishi. Negativu ikiwekwa kinyume wakati wa kusafisha, kushoto huwa kulia: shati la mwanamume linafungwa upande wa kike, na maneno ya khanga yanasomeka kama kwenye kioo. Ukiligundua hilo, geuza nakala yako kabla ya kuandika nani yuko kushoto kwa nani.

Khanga inastahili lenzi ya kukuzia. Jina lake likisomeka, liandike kama lilivyo, kisha waulize wanawake wa umri ule. Watakuambia lilivuma lini na bibi alilivaa kumsema nani. Ila khanga inakupa mwanzo tu: picha haiwezi kuwa ya kabla ya khanga kutoka, lakini inaweza kuwa ya miaka mingi baadaye, kwani mtu huihifadhi ya thamani sandukuni. Kisutu hakina jina, na kwenye picha nyeusi na nyeupe wekundu wake huonekana kiza tu. Kitambue kwa vijirabaraba vyake vidogo vilivyojaa nguo nzima. Ni khanga ya harusi tangu zamani, kwa hiyo mwanamke aliyejifunga kisutu mahali ambapo hakuna bi harusi anayeonekana anaweza kukuambia kwamba bi harusi yuko chumba cha ndani.

Nguo za kisasa ni rahisi zaidi. Bugaluu, suruali pana kwa chini, na raizoni, viatu vya soli nene, ni miaka ya 1970. Gauni fupi juu ya goti linakupeleka mwishoni mwa miaka ya 1960, na hapo pana hadithi: Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969 Dar es Salaam. Shangazi mwenye kimini kwenye picha ya harusi atakuwa na la kusema kuhusu mwaka huo. Muulize.

Nje ya studio, majengo na sanamu hukusaidia. Pembe za Mombasa, yale matao ya barabarani yenye umbo la pembe za ndovu, zilisimamishwa miaka ya 1950, basi picha yenye pembe haiwezi kutangulia hapo. Sanamu ya Askari Dar es Salaam imekuwapo tangu 1927.

Na bi harusi mwenyewe? Kainamisha macho, hacheki, mikono juu ya mapaja ionekane hina. Wajukuu wakiiona picha hiyo husema bibi aliozwa kwa nguvu. Huenda, lakini picha haisemi hivyo. Haya ilikuwa sehemu ya pambo. Bi harusi wa pwani aliyecheka mbele ya kamera angesemwa mtaa mzima. Kama unataka kujua aliridhia au la, waulize waliokuwa naye ndani.

Jihadhari pia na picha zilizoungwa. Lamu, Omar Said Bakor alijulikana kwa kukata picha na kuziunganisha, mtu akatokea ndani ya ua au pembeni ya mtu aliye mbali. Mume aliyekuwa safarini baharini angeweza kuwekwa pamoja na mkewe. Dalili zake ni kivuli kinachoelekea upande tofauti, au kichwa kisicholingana na bega.

Kubana mwaka

Usitafute mwaka kamili, tafuta mipaka miwili: haiwezi kuwa kabla ya, haiwezi kuwa baada ya. Watoto ndio saa bora. Kama mtoto aliyebebwa alizaliwa Machi 1961 na hajaanza kutembea, picha ni ya 1961 au mwanzo wa 1962. Hapo tarehe ya studio, nguo na kumbukumbu za wazee vinabana zaidi. Wazee wengi hawahesabu kwa miaka bali kwa matukio, nawe uliza hivyo: kabla au baada ya uhuru, kabla au baada ya Mapinduzi, wakati wa vita vya Kagera, mwaka wa mvua za El Niño.

Kisha tafuta karatasi. Kwa Wakatoliki usiende kwanza kwenye parokia aliyofungia ndoa, ambayo pengine huijui. Nenda kule alikobatizwa, maana ndoa huandikwa pia pembeni ya jina lake katika daftari la ubatizo, pamoja na mahali na tarehe. Kwa Waislamu, uliza cheti cha nikaha kwa warithi, halafu kwenye ofisi ya kadhi Zanzibar na Kenya. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka utaratibu wa kusajili ndoa za aina zote, na leo kumbukumbu hizo ziko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ndoa nyingi za kabla ya hapo hazina karatasi yoyote. Zina mashahidi, na kiasi cha mahari ambacho mtu fulani bado anakikumbuka mpaka senti.

Kuskani na kutunza

Hapa nitakwenda haraka. Picha ya ukubwa wa kawaida iskani kwa nukta 600 kwa inchi, ile ndogo ya pasipoti kwa 1200, na skani mgongo pia. Skani kwa rangi hata picha nyeusi na nyeupe. Hifadhi nakala kuu kwa TIFF, ya kutuma iwe JPEG. Kama huna skana, weka picha karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na picha. WhatsApp huipunguza picha; itume kama faili. Nakala ziwe mahali patatu, na mahali pamoja kati ya hapo pawe nje ya nyumba.

Jina la faili lianze na mwaka, ili zijipange zenyewe: 1961-harusi-bibi-mbele, 1961-harusi-bibi-mgongo.

Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu usiibandue. Iskani ikiwa ndani ya kioo hicho hicho. Zilizonata kwenye albamu za gundi za miaka ya 1970 na 1980 unaweza kuzijaribu kwa uzi wa kusafishia meno, ukiupitisha polepole chini ya picha. Zikigoma, acha, zipige hapo hapo. Usitumie selotepu. Andika nyuma kwa penseli laini, kwenye ukingo, bila kugandamiza. Na tafadhali usipeleke picha ya asili ikapigwe lamineshoni. Najua kila steshenari ina mashine hiyo, na kwamba pwani ukungu unatisha, lakini joto lile huiharibu na plastiki haitoki tena. Bahasha safi za karatasi ndani ya kabati kavu, mbali na ukuta wa nje, zinatosha. Negativu ukizikuta, hata zenye mikwaruzo, zitunze kuliko picha.

Kuhusu programu zinazorudisha sura na kutia rangi: zitumie kwa bango la arobaini ukipenda, lakini usiziweke kwenye kumbukumbu. Sura ikiwa imefifia, programu haiirudishi, inabuni nyingine. Nimeona familia inamlilia mama mwenye pua isiyo yake.

Kutoka harusi hadi maisha

Kila picha iandikie maelezo mafupi: nani, kushoto kwenda kulia, majina matatu-matatu, wapi, lini, au kati ya lini na lini, na nani amesema, siku gani. Hilo la mwisho ndilo watu huliacha. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili na majina yao, usiamue wewe.

Halafu zipange kwa miaka na uangalie pengo liko wapi. Pengo nalo lina habari. Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 bidhaa za nje ziliadimika, na filamu ni bidhaa ya nje. Familia nyingi za Unguja zina pengo linaloanzia 1964, kwa sababu walioondoka waliondoka na picha, au waliobaki walizificha. Picha ya kitambulisho, cheti cha shule, kadi ya chama au kadi ya kliniki inaweza kuziba miaka hiyo. Picha iliyokatwa kwa mkasi upande mmoja nayo ni pengo: kuna mtu aliyeondolewa. Kwenye picha ya harusi unaweza kumkisia.

Hapo ndipo uwaandikie jamaa walio Muscat, Dubai au London. Studio ilichapa nakala kadhaa, na maharusi walizituma kwa ndugu zikiwa na maneno nyuma. Nakala yenu iliyoliwa na mchwa huenda ina mwenzake Muscat, safi, na nyuma yake pana salamu za bibi kwa mwandiko wake mwenyewe. Waombe wakutumie na mgongo.

Kabla ya kuirusha kwenye kundi la ukoo, fikiri. Bibi aliyejisitiri maisha yake yote alipigwa picha hiyo kichwa wazi kwa sababu waliokuwamo walikuwa wanawake watupu. Waulize mabinti zake. Wakisema ibaki ndani, ibaki ndani, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Na mke wa kwanza wa babu, kama yumo, ana watoto wake wanaostahili kuulizwa pia.

Watabaki wasiojulikana, na huwa wengi. Wape namba, wachapishe kwa sura kubwa kwenye karatasi kadhaa, uzibebe kwenye shughuli ijayo ya ukoo. Usizibandike ukumbini. Zipeleke uani, kwa akina mama wanaomenya vitunguu na kuchambua mchele, maana wana saa nzima mbele yao na wanajuana kwa pua na kwa mwendo. Weka na penseli. Ambazo hazikupata jina zirudishe kwenye bahasha yao, uandike juu zimeonyeshwa kwa nani, usije ukawachosha watu wale wale mara ya pili.